Mafuta Mazito ya Vinuni

Hadithi njoo.

Njoo tukupokee.

Nije nimejaa, au nije mtupu?

Njoo mtupu kwanza, kisha ujae.

Haya. Sogeeni, aliye nyuma asije akasema hakusikia.

Hapo kale, siku ya Alhamisi, mwezi kumi na saba Shaabani, saa tatu ya asubuhi, Mize binti Shekuwe aliitwa mwizi. Aliitwa mwizi mbele ya watu, amejitanda leso ya marehemu mama yake, na mikono yake bado inanuka ufuta. Ikumbukeni saa hiyo, wenzangu. Yeye hakuisahau mpaka kaburini.

Mji wenyewe ukiitwa Vinuni, kwa sababu zamani kila mtaa ulikuwa na kinu cha kushindika mafuta. Siku za Mize vilikuwa vimebaki viwili. Kimoja cha Bwana Feruzi, mtu wa tumbo na tabasamu. Cha pili cha Mize, alichoachiwa na mama yake pamoja na ngamia mmoja, jina lake Subira. Subira hufungwa kitambaa machoni, akazunguka, mti ukasaga, ufuta ukalia, mafuta yakatoka.

Mize alikuwa mtu wa wasiwasi. Akifunga mlango, hurudi kuutikisa. Akipepeta ufuta mara moja, huupepeta tena, na mara ya tatu huuchambua kwa kidole. Majirani wakimcheka.

"Mize, wewe utahesabu hata meno ya ngamia."

"Nimeshayahesabu," akajibu, wala hakuwa anatania.

Sasa sikilizeni lililotokea. Mafuta ya vinu vyote viwili yalikuwa yakimiminwa katika kasiki moja la msikiti. Tangu mwezi wa Rajabu taa za msikiti zikaanza kuugua. Ukiziwasha magharibi, zinatatarika. Ukifika wakati wa isha, zinafifia. Kabla watu hawajamaliza witri, zimekufa, na tambi zimegeuka makaa. Kisha wakaja sisimizi, wakapanda taa kwa safu, kama watu wanaokwenda harusini. Na Ramadhani iko mlangoni. Nani atasali tarawehe gizani?

Jumbe wa mji akatoa amri. "Mmoja kati ya hawa wawili anaharibu mafuta. Wapimwe. Atakayeonekana mwongo atanyang'anywa kinu na ngamia, apewe mwenzake."

Mpimaji wa mji alikuwa Mzee Lali, mwenye mizani na mawe yake. Naye alikuwa na neno moja tu alilorithi kwa wazee, kama nyinyi mlivyolirithi. Mafuta mema ni yapi?

Ni mazito.

Ndiyo. Bibi yako anasema mazito, mama yako anasema mazito. Akichovya kidole, akiona yanashuka polepole, anatikisa kichwa: mazito haya, mazuri. Shikeni neno hilo, lisiwaponyoke.

Basi asubuhi ile kila mmoja akaleta kibuyu chake barazani kwa Jumbe, pishi moja moja. Feruzi akakitikisa cha kwake kwa upole, kama mtu anayeamsha mtoto, kisha akakifungua. Mzee Lali akachovya kidole. Kikatoka na tone nene, refu, lisilotaka kuanguka.

"Mazito," akasema, akafuta kidole kwenye nguzo ya baraza.

Akachovya cha Mize. Mafuta yakatiririka mpaka kwenye kifundo cha mkono.

"Hm," akasema, akafuta kidole kwenye nguzo ya pili.

Kisha akavipandisha vibuyu kwenye mizani, kimoja huku, kimoja huku. Cha Feruzi kikashuka, cha Mize kikapanda, kikabaki kinaning'inia juu watu wote wakikitazama.

"Mazito haya," akasema Mzee Lali. "Haya mepesi. Mepesi yametiwa maji."

Mize akafungua mdomo. "Mzee Lali, vibuyu vyenyewe havilingani, changu ni chembamba..."

"Nyamaza, binti."

"Hukuvipima vikiwa vitupu..."

"Nyamaza."

"Na maji, Mzee, maji hayawezi kuyafanya mafuta..."

"Jumbe," akasema Feruzi kwa sauti ya huruma, "msimwonee. Mtoto hana mama. Labda alitia kidogo tu."

Labda alitia kidogo tu. Mmesikia, jamani? Kuna watu wakikutukana unapona. Wakikuhurumia, unazikwa.

Jumbe akahukumu. Kinu na Subira vitachukuliwa magharibi siku ileile. Akamwita Kombo, mpiga mbiu, na pembe yake. Mnajua wenyewe, mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Kombo akaingia mitaani, kila kona anapuliza na kusema:

"Sikieni, wa juu na wa chini. Mize binti Shekuwe ametia maji mafuta ya msikiti. Asiuziwe. Asinunuliwe. Asisalimiwe."

Mtaa wa Kisimani akasema. Mtaa wa Mafundi akasema. Mtaa wa Mkunguni, wenye nyumba tatu na mbuzi wanne, huko nako akaenda akasema. Akamalizia mlangoni kwa Mize, akapuliza mpaka Subira akastuka na kukata kamba.

Mize akapita njia ileile kurudi kwake. Mwanamke mmoja wa Kisimani, aliyekuwa akiwapaka watoto wake mafuta ya Mize tangu wakiwa wachanga, akatoka na chupa, akamwaga mafuta njiani mbele ya miguu yake, akaingia ndani.

Mize hakulia. Alifika nyumbani, akafunga mlango, akarudi kuutikisa, akakaa chini karibu na kinu.

Mlango wa nyuma ukagongwa. Alikuwa Bi Nunu, jirani, rafiki wa mama yake.

"Mwanangu, nimekuja kwa nyuma, nisionekane."

"Karibu, Bi Nunu. Hata wewe umeamriwa usinisalimie."

"Sikukusalimia. Nimekuambia nimekuja kwa nyuma." Akakaa. "Nenda kaombe radhi, yaishe. Labda Jumbe atakuachia ngamia."

"Radhi ya nini?"

"Ya maji."

"Sikutia maji."

"Najua, mwanangu, lakini mizani imesema mepesi. Mizani haina uadui na mtu."

Mize akamtazama. Kisha akauliza taratibu, "Bi Nunu, mchuzi wako wa jana, mafuta yalikaa wapi?"

"Juu, bila shaka. Yakae wapi tena?"

"Na maji?"

"Chini."

"Sasa kati ya anayebebwa na anayebeba, anayezama na anayeelea, nani mzito?"

Bi Nunu akapiga paja. "Wewe mtoto," akasema.

Mize alikuwa ameshasimama. Akachukua kibuyu chake kilekile, akakipima kitupu kwenye mizani ya nyumbani ya kupimia ufuta. Akakijaza maji, akakipima. Akamwaga, akakikausha kwa mashudu, makapi ya ufuta, na kitambaa, akakijaza mafuta, akakipima. Maji yakawa mazito kuliko mafuta. Hakuamini. Akafanya mara ya pili. Akafanya mara ya tatu. Mnamjua alivyo. Mara zote tatu maji yakashinda.

Hapo ndipo hasira ilipompanda kwelikweli. Asubuhi alikasirika kwa kuonewa. Sasa alikasirika kwa ujinga uliotumika kumwonea. "Kama ningetia maji," akasema, "kibuyu changu kingekuwa kizito zaidi. Ningesifiwa. Wameninyang'anya kinu kwa sababu sikuiba. Na mji mzima unakula mchuzi, Bi Nunu. Kila siku wanayaona mafuta yakiwa juu ya maji, kila siku, na hakuna hata mmoja aliyenyanyua mkono."

"Hata mimi sikunyanyua," akasema Bi Nunu.

"Hata wewe."

"Basi nifunge leso vizuri, twende. Na safari hii napita mlango wa mbele."

Wakafika barazani baada ya sala ya alasiri. Feruzi alikuwa pale, ameshaleta kamba ya kumfungia ngamia. Mize akapita karibu na zile nguzo mbili ambazo Mzee Lali alifutia kidole. Akasimama. Nguzo yenye mafuta yake ilikuwa na doa tu, linang'aa. Nguzo yenye mafuta ya Feruzi ilikuwa na safu ya sisimizi, kutoka ardhini mpaka kwenye doa, wanakwenda na kurudi.

Aliliweka hilo moyoni.

"Umekuja kuomba radhi?" akauliza Jumbe.

"Nimekuja kuomba mdumu, Jumbe."

"Mdumu?"

"Mdumu mmoja wa shaba, wa nyumbani kwako, usiwe wangu wala wa Bwana Feruzi. Na mizani ya Mzee Lali. Na maji. Ukiona nimekosea, chukua kinu, na mimi mwenyewe nitamfungia Bwana Feruzi ngamia."

Mtu mmoja kwenye umati akasema, "Amekuja na maji kabisa safari hii, hafichi tena." Watu wakacheka. Mize akangoja wacheke mpaka wachoke.

Mdumu ukaletwa. "Kwanza mtupu," akasema.

Mzee Lali akapima. "Wakia kumi na mbili."

"Hizo ni za shaba. Si za mafuta ya mtu yeyote. Wekeni pembeni. Sasa jazeni maji mpaka ukingoni."

"Wakia sitini na mbili."

"Toeni za shaba."

"Hamsini."

"Basi maji yanayojaza mdumu huu ni wakia hamsini. Ukausheni sasa, muweke mafuta yangu. Mpaka ukingoni hapohapo, Mzee, usipunguze."

Mzee Lali akajaza, akaweka mawe, akatoa mawe. "Hamsini na nane."

"Toa za shaba."

"Arubaini na sita." Akageuka kwa watu. "Si nimesema? Mepesi. Mepesi hata kuliko maji."

"Ameshajihukumu mwenyewe," akasema yule mtu wa umati.

"Bado Bwana Feruzi," akasema Mize. "Bwana, mafuta yako ni mazito?"

"Mazito," akasema Feruzi.

"Mazito kuliko yangu?"

"Asubuhi wote waliona."

"Mazito kuliko maji?"

Feruzi akatazama watu, na watu walikuwa wakimtazama kwa kumpenda. "Bibiye," akasema, "mazito kuliko maji, na yangeweza kupigana na asali."

"Haya, yajaze mwenyewe, nisije nikasingiziwa mkono."

Na hapa, wenzangu, mjue ya kwamba hakuna mtego mzuri kama ule anaoutega anayetegwa. Kwa kuwa mazito ndiyo mema, Feruzi alitaka mdumu ule ulemee. Akakitikisa kibuyu chake. Akakitikisa tena. Akakitikisa mara ya tatu, akakikung'uta mpaka kilichokuwa chini kikatoka chote, akaujaza mdumu mpaka ukingoni.

Mzee Lali akapima kwa furaha. "Sitini na nne."

"Toa za shaba."

"Hamsini na mbili." Watu wakapiga makofi. Feruzi akainama kidogo.

Mize akasimama. "Uacheni mdumu utulie," akasema. "Mimi nitasema kidogo, nao utulie. Hizi nambari si za mdumu huu tu. Leteni kibuyu, leteni pipa, leteni kasiki la msikiti. Chombo kitakuwa kikubwa au kidogo, lakini toa uzito wa chombo, ulinganishe kilichomo. Kila maji yakiwa hamsini, mafuta yangu yatakuwa arubaini na sita. Kila mahali. Ya Bwana Feruzi ni hamsini na mbili. Sasa nipeni bakuli la maji, na upawa."

Akachota mafuta yake, akamimina bakulini. Yakaelea, yakatanda juu.

Akampa Feruzi upawa. "Chota na wewe. Chota juu juu, usichafue nguo."

Feruzi akachota juu ya mdumu, akamimina. Mafuta yakatua juu ya maji, yakatanda kama ya Mize.

"Yanaelea," akasema Bi Nunu, kwa sauti ya mtu aliyekuwa akingoja.

"Yanaelea," akasema Mize. "Mafuta haya ni mazito kuliko maji, tumeyapima, Mzee Lali ameita mwenyewe. Na mafuta haya yanaelea juu ya maji, mmeyaona. Jumbe, mzito gani anayebebwa na mwepesi? Ama mizani ni mwongo, ama ndani ya mdumu wako mna vitu viwili."

Watu wakasogea karibu na mdumu. Hata yule wa umati akanyoosha shingo.

Jumbe akakunja mkono wa kanzu. Akatumbukiza mkono ndani ya mdumu, taratibu, mpaka chini. Ukatoka mweusi, unanata, unavuta nyuzi. Akaunusa. Akaulamba.

"Asali ya muwa," akasema. "Iliyoungua."

Yule mtu wa umati akakohoa. "Ndiyo maana sisimizi hawakosi sala."

Hakuna aliyecheka sana. Watu walikuwa wameanza kuwazia tarawehe zao za gizani ambazo hazijafika. Wazee walisema, kweli ikidhihiri, uongo hujitenga. Ulijitenga mle mdumuni, wenzangu, robo chini, robo tatu juu.

Feruzi akaanguka magotini. "Jumbe, mimi niliambiwa mazito ndiyo mema. Nikayafanya mazito. Kosa langu nini?"

"Kosa lako unalijua," akasema Mize. "Lakini kosa la Mzee Lali hamlijui bado. Mzee, neno lako ni moja, mambo yake ni mawili. Kuna mazito ya kidole na mazito ya mizani. Mafuta ni mazito kwa kidole, hayakimbii kama maji. Kwa mizani ni mepesi, ndiyo maana yanaelea. Wazee walisema mazito wakiwa na kidole mkononi. Wewe ukalichukua neno lao ukalipandisha kwenye mizani. Kama uzito wa mizani ndio wema, basi maji ni mafuta mazuri kuliko yangu. Tieni taa maji, tuone tarawehe."

Mzee Lali alitazama mawe yake. "Niliuliza mizani swali la kidole," akasema. Si maneno ya radhi kamili, lakini Mize aliyapokea, kwa sababu yalikuwa sawasawa.

Jumbe akaamuru. Kinu cha Feruzi kifungwe, na kasiki la msikiti alisugue mwenyewe kwa mikono yake kabla mwezi haujaandama. Kisha akamgeukia Mize na uso mtamu.

"Mwanangu, umeonewa. Chukua kinu cha Feruzi kiwe chako. Na joho nitakupa."

"Kinu ninacho, Jumbe."

"Unataka nini, basi?"

"Mbiu."

Jumbe akatabasamu. "Watu wamesikia hapa. Watasema wenyewe nyumbani. Habari hutembea."

"Uongo ulitembezwa kwa pembe," akasema Mize. "Kweli itembee kwa minong'ono? Asubuhi nilitukanwa mitaa yote, mtaa kwa mtaa. Nataka kila sikio lililosikia lile, lisikie hili. Kwa mdomo uleule, kwa pembe ileile."

Jumbe hakuzoea kuambiwa. Mwishowe akasema, "Kombo, kesho."

Asubuhi yake, Ijumaa, jua halijapanda, Mize alikuwa mlangoni kwa Kombo.

"Umewahi sana," akasema Kombo, anapiga miayo.

"Wewe jana uliwahi pia. Twende."

Akamfuata nyuma, hatua kwa hatua. Kisimani Kombo akapuliza, akasema, "Sikieni, wa juu na wa chini. Mize binti Shekuwe hakutia maji. Mafuta yake ni safi. Anauziwa. Ananunuliwa. Anasalimiwa." Yule mwanamke wa chupa akatoka, akasimama kizingitini, hajui mikono aiweke wapi. Mize akamwambia, "Asalaam alaikum," akangoja mpaka akajibiwa, kisha ndipo akaendelea.

Walipofika njia panda, Kombo akataka kugeukia nyumbani.

"Na Mkunguni?" akauliza Mize.

"Ah, Mkunguni ni nyumba tatu tu na mbuzi."

"Jana ulikwenda?"

"Nilikwenda."

"Basi twende."

Wakaenda Mkunguni. Kombo akapuliza, akasema yote, hakuruka neno, na mbuzi wakasikia. Kisha wakamalizia mlangoni kwa Mize.

"Hapa unataka nitangaze kwa nani?" akauliza Kombo. "Mwenye nyumba si wewe?"

"Kwa Subira," akasema Mize. "Jana alisikia."

Kombo akapuliza kwa Subira. Ngamia akageuza shingo, akatazama, akaendelea kutafuna. Mize akafunga mlango, akarudi kuutikisa. Akamfunga Subira kitambaa machoni, akamimina ufuta, mti ukaanza kuzunguka.

Nilikuja mtupu, nikajaa, sasa nimemimina. Yakielea, chukueni.

Yakizama?

Yakizama niachieni, nitayapima tena.